Kidonge cha Mwisho: Kuacha Dawa za Sonona Ngara na Biharamulo

Dawa za sonona zikikatizwa ghafla, mwili hujibu. Mtu aliyezimeza kwa miezi kadhaa anaweza, ndani ya siku mbili hadi nne tangu kidonge cha mwisho, kuanza kuona kizunguzungu, kichefuchefu, jasho, usingizi wa kukatikakatika wenye ndoto kali, machozi ya karibu na hasira za ghafla. Juu ya hayo huja jambo ambalo wengi hushindwa kulieleza mbele ya tabibu: kichwa kupiga shoti, hasa macho yanapogeuzwa upande. Madaktari walianza kuyaandika haya mwaka 1959, miaka miwili tu baada ya Roland Kuhn wa Uswisi kutangaza matokeo ya imipramini, dawa ya mwanzo kabisa katika ukoo wake. Kwa hiyo mgonjwa anayelalamika leo hajazua jambo, na wala hadeki.

Si kila anayeacha hupatwa. Uchambuzi uliotoka katika jarida la Lancet Psychiatry mwaka 2024, uliojumuisha tafiti 79 na watu zaidi ya 20,000, ulionyesha kwamba karibu watu 31 kati ya 100 walioacha dawa hizi walipata angalau dalili moja. Lakini kati ya walioacha vidonge bandia visivyo na dawa yoyote, 17 kati ya 100 nao walisema hivyo hivyo. Ukitoa hofu na matarajio, mtu mmoja kati ya sita au saba hupata dalili zinazotokana na dawa yenyewe, na kwa mmoja kati ya 35 hivi zinakuwa kali. Ni idadi ya kutosha kumfanya kila tabibu aulize. Nyingi ya tafiti hizo, hata hivyo, zilihusu watu waliotumia dawa kwa muda mfupi, na anayezimeza miaka mitano hapaswi kujipima kwa takwimu hizo peke yake.

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, dawa inayohusika zaidi ni amitriptilini, kidonge kidogo cha miligramu 25 kinachomezwa usiku. Ni ya zamani na ni ya bei nafuu, nayo imo pamoja na fluoksetini katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa kuwa huandikwa pia kwa ajili ya ganzi na maumivu ya mishipa ya fahamu, kipandauso na kukosa usingizi, wapo wanaoimeza mwaka mzima wakiiita dawa ya usingizi au dawa ya miguu kuwaka moto, bila kujua kwamba ni dawa ya sonona. Mtu wa namna hiyo akiiacha hana sababu ya kutazamia chochote. Dalili zinapomjia huzitafutia chanzo kwingine, na katika wilaya hizi chanzo cha kwanza kufikiriwa ni malaria.

Hapo ndipo mambo yanapochanganyika. Mkoa wa Kagera una malaria nyingi, na maumivu ya mwili, baridi, kichefuchefu na uchovu ni dalili ambazo kila mama wa Nyakahura au Rulenge anazijua. Kipimo cha haraka kinachotumika katika zahanati hutafuta protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki katika damu kwa wiki kadhaa hata baada ya mgonjwa kupona. Tena watu wazima wa maeneo yenye malaria nyingi huweza kubeba vimelea bila kuugua. Kipimo kinaweza basi kusoma chanya kwa mtu ambaye kinachomsumbua siku hiyo ni kukosa amitriptilini. Akipewa dawa ya mseto atapona malaria kama ipo, na kizunguzungu kitabaki palepale. Kipimo kifanyike bila kuchelewa, maana malaria huua, lakini swali moja liongezwe: kuna dawa yoyote uliyokuwa unameza kila siku ukaiacha mwezi huu? Na anayeendelea na amitriptilini amwambie mtoa huduma kabla ya kuanza dawa ya mseto, kwa kuwa lumefantrini iliyomo humo inaweza kuipandisha amitriptilini katika damu, na zikiwa pamoja mapigo ya moyo yanahitaji uangalizi.

Biharamulo ina sababu nyingine ya kutochukulia jasho na kutapika kirahisi. Januari 2025 virusi vya Marburg vilithibitishwa wilayani humo, na mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi mwaka huo baada ya watu kumi kupoteza maisha, wawili wakiwa wamethibitishwa kwa vipimo na wanane wakihesabiwa kuwa wagonjwa wa kudhaniwa. Kipimajoto husaidia hapa. Anayeacha dawa ya sonona anaweza kutetemeka na kulowa jasho, lakini kwa kawaida joto lake halipandi, na hatoki damu. Homa ya kweli, kuhara damu au kutokwa damu popote haviingii kabisa katika dalili hizi, na anayevipata apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kinachotokea mwilini kinaeleweka kwa sehemu. Dawa hizi huongeza serotonini na kemikali nyingine zinazopeleka habari kati ya seli za ubongo, na kwa wiki na miezi ubongo hujirekebisha kuishi na wingi huo. Dawa ikiondoka haraka kuliko ubongo unavyoweza kurudi ulikotoka, pengo linalobaki katikati ndilo dalili. Amitriptilini ina jambo la ziada: huzuia asetilikolini, kemikali inayoendesha mate, jasho na tumbo. Kizuizi kikiondolewa, vyote hivyo hufunguka kwa wingi, na ndiyo maana aliyeiacha huharisha na kujaa mate kuliko aliyeacha fluoksetini. Hakuna uteja katika hili. Anayeacha dawa ya sonona hatamani kuirudia wala haongezi dozi kila mwezi apate raha. Hofu ya kuitwa teja imewafanya wengi waache kwa mkupuo ili kuthibitisha kwamba wanaweza, na hiyo ndiyo njia mbaya kuliko zote.

Kasi hutofautiana kwa dawa. Venlafaksini hupungua nusu mwilini ndani ya saa tano hivi, paroksetini chini kidogo ya siku moja, setralini siku moja na ziada. Fluoksetini huchukua siku kadhaa, na zao lake linalobaki likifanya kazi ile ile linaweza kuchukua hadi wiki mbili. Ndiyo maana anayeruka dozi mbili za venlafaksini huona taabu kesho yake, lakini aliyeacha fluoksetini anaweza kukaa mwezi mzima akidhani amepona salama, kisha kizunguzungu kikaja akakihusisha na chakula alichokula jana.

Kuacha ghafla, tena, mara nyingi si uamuzi wa mtu yeyote. Dawa huisha kituoni na nauli ya kwenda hospitali haipo. Dereva wa lori hukwama kwenye foleni ya Rusumo au Kabanga siku nyingi kuliko vidonge alivyobeba. Mwanamke hugundua ana mimba akavitupa vyote jioni ile ile, jambo linaloweza kumrudisha kwenye sonona katika wakati mgumu kuliko wowote, ilhali kliniki ya wajawazito ingemsaidia kupima faida na hasara. Wengine huambiwa na ndugu au kiongozi wa maombi kwamba kumeza vidonge ni kukosa imani. Ipo pia njia isiyojulikana sana, ambayo ni kuanza dawa za kifua kikuu. Rifampisini, inayomezwa kwa miezi sita, huliharakisha ini kuvunja dawa nyingine, zikiwemo amitriptilini na setralini. Mgonjwa anameza kidonge chake kila usiku kama alivyoandikiwa, na bado mwili unakikosa. Muuguzi wa kifua kikuu na anayetoa dawa ya sonona wanapaswa kuonana, au angalau kuandika katika daftari moja.

Kabla ya kupunguza, swali la msingi ni kama wakati umefika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa watoa huduma wasio mabingwa wa akili unashauri dawa iendelee miezi 9 hadi 12 tangu nafuu ipatikane, kisha ipunguzwe kwa muda usiopungua wiki nne. Wiki nne ni kiwango cha chini. Aliyetumia dawa miaka kadhaa anaweza kuhitaji miezi, na hakuna tuzo kwa anayemaliza mapema.

Namna ya kupunguza ina mtego mwishoni. Watafiti Mark Horowitz na David Taylor walieleza mwaka 2019, wakitumia picha za ubongo, kwamba dozi na nguvu ya dawa haviendi sambamba. Kwa sitalopramu, miligramu 60 hushika takriban asilimia 88 ya milango ya serotonini, miligramu 20 asilimia 80, na hata miligramu 5 tu bado hushika karibu asilimia 60. Kutoka 60 hadi 20 ubongo hauoni badiliko kubwa, ila kutoka 5 hadi sifuri ni kama lori linaloteremka mtelemko mkali kuelekea daraja la Rusumo, na gia ndogo inahitajika huko chini. Wataalamu bado wanabishana kama kila mgonjwa anahitaji hatua ndogo kiasi hicho, lakini kanuni ya kupunguza kidogo zaidi kadiri dozi inavyoshuka haina gharama.

Kwa amitriptilini, mtu aliyekuwa na vidonge vitatu usiku anaweza, kwa makubaliano na tabibu, kushuka hadi viwili kwa wiki mbili hadi nne, kisha kimoja, kisha nusu, akisubiri dalili zitulie kabla ya kila hatua. Kidonge hukatwa kwa kifaa cha kukatia au wembe safi. Kuruka siku, leo unameza kesho humezi, kunafaa kwa fluoksetini kwa sababu hukaa sana mwilini. Kwa paroksetini au venlafaksini ni kumpa mgonjwa dalili za kuacha kila baada ya siku moja. Hatua ikileta taabu isiyovumilika, mgonjwa hurudi kwenye dozi ya mwisho iliyomkalia vizuri, akapumzika, kisha akajaribu kipande kidogo zaidi.

Siku za dalili zina mambo yake madogo. Kahawa, inayolimwa mashamba mengi ya Kagera, ni bora iishie asubuhi kwa anayekosa usingizi. Pombe ya ndizi au gongo hulaza mtu saa mbili na kumwamsha usiku wa manane akiwa hoi zaidi. Anayetapika au kuharisha anywe maji na uji kidogo kidogo. Mwendesha bodaboda na dereva wasishike usukani siku ambazo kichwa kinapiga shoti, na katika barabara za milima ya Ngara hili si shauri la hiari. Kupunguza dozi kusipangwe wiki ya kulima mvua za kwanza zinapoanza, wala wakati wa msiba au kesi ya shamba. Mtu mmoja nyumbani ajulishwe, hasa kwa ajili ya hasira na machozi, vinginevyo ndoa inalipia jambo ambalo lingeisha ndani ya wiki chache. Kwa wengi dalili huisha hivyo. Kwa wachache huchukua miezi.

Kazi ngumu ni kutofautisha dalili za kuacha na sonona inayorudi. Za kuacha, isipokuwa kwa fluoksetini, huja ndani ya siku chache, zinabeba vitu ambavyo sonona haikuwa navyo, kama shoti, kizunguzungu na kuharisha, na mgonjwa akirudishiwa dawa hupata nafuu kwa siku moja hadi tatu. Sonona inayorudi huja polepole baada ya wiki au miezi, ikiwa na sura ile ile ya zamani: kuamka alfajiri bila sababu, kukosa hamu ya kula, kujiona hufai, shamba kuachwa. Na hurudi kwa wengi. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2021, lenye wagonjwa 478 waliokuwa wamepata nafuu, lilionyesha kwamba ndani ya mwaka mmoja sonona iliwarudia asilimia 56 ya walioacha dawa na asilimia 39 ya walioendelea nazo. Kuacha ni uamuzi halali. Unahitaji miadi ya kliniki mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita baada ya kidonge cha mwisho.

Mawazo ya kujiua hayasubiri miadi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na hofu ya kifungu hicho huwafunga watu midomo. Lakini kuwaza na kumweleza tabibu si jaribio, na hospitali za Nyamiaga, Murgwanza, Rulenge au Biharamulo ndiko pa kuanzia, kabla ya rufaa kwenda Bukoba au Bugando. Amitriptilini iliyobaki isikae chini ya mto wala kabatini penye watoto. Ikimezwa kwa wingi huvuruga mapigo ya moyo na kuua, hivyo hutunzwa na ndugu mwingine au kurudishwa kwenye duka la dawa la hospitali.