Bata Mzinga Akinyamaza: Somo la Mwisho wa Msimu

Bata mzinga tunayemjua wengi wetu ni yule wa uani kwa jirani: mkubwa, mwenye kelele, anatanua mkia na kukimbiza watoto. Kumkamata si kazi, unamrushia pumba tu anakuja mwenyewe. Kwa hiyo ukisikia kwamba kule Marekani kuna watu wazima, wenye kazi na familia zao, wanaoamka saa tisa usiku, wanavaa nguo za mabakamabaka, wanakwenda kukaa chini ya mti nusu siku wakimsubiri ndege huyo, kisha wengi wao wanarudi mikono mitupu, unaweza kucheka. Cheka tu. Ila ukimaliza, twende pamoja, maana ndani ya uwindaji huu kuna jambo linalotuhusu hata sisi tusiowinda: ukitumia viumbe hai, swali si "wangapi" tu. Ni "lini" pia.

Tuanze na ndege mwenyewe. Bata mzinga wa porini ni mwenyeji wa Amerika ya Kaskazini, na yule wa uani ni uzao wake uliofugwa. Jina lake la kisayansi ni Meleagris gallopavo, alilopewa na Linnaeus mwaka 1758, na hapo kuna kichekesho. Meleagris ni neno la Kigiriki lenye maana ya kanga, huyuhuyu kanga wetu wa Afrika mwenye madoadoa. Watu wa Ulaya walizoea kuletewa kanga na wafanyabiashara waliopita nchi za Waturuki, wakamwita kuku wa Uturuki. Bata mzinga alipofika huko kutoka Amerika katika karne ya 16, wakawachanganya. Ndiyo maana mpaka leo kwa Kiingereza ndege huyu anaitwa kwa jina la Uturuki, na katika sayansi anaitwa kwa jina la kanga, ingawa hatoki Uturuki wala si kanga.

Wa porini hafanani kabisa na yule wa uani kwa tabia. Dume aliyekomaa ana kilo 8 hadi 11, lakini anaruka vizuri, na usiku analala juu ya miti. Pua yake si kitu, ila macho yake ni balaa: anaona rangi, na anaona karibu pande zote bila kugeuza kichwa sana. Ukijikuna shavu akiwa mita 40 kutoka ulipo, umeshamkosa.

Sasa, kwa nini awindwe majira ya machipuko, wakati ndiyo anazaliana? Ukilisikia hivi linaonekana kama kosa. Jibu liko kwenye maisha ya familia yake. Dume mmoja hupanda majike wengi, halafu basi. Hajengi kiota, haatamii, halei vifaranga. Jike anajitegemea. Anataga mayai 10 hadi 12, karibu moja kila siku, kisha anayaatamia kwa siku 28 hivi. Tena mwili wake unaweza kuhifadhi mbegu za dume kwa wiki kadhaa, kwa hiyo akishapandwa, hata dume yule akifa kesho, mayai bado yatakuwa na uhai. Maana yake ni kwamba ukiondoa baadhi ya madume baada ya majike kupandwa, vifaranga wa mwaka huo hawapungui. Ndiyo sababu sheria za majimbo kwa kawaida zinaruhusu madume tu wakati wa machipuko. Dume anatambulika kwa kichwa chekundu, cheupe na cha bluu, na kwa shungi la manyoya magumu linaloning'inia kifuani, ambalo wawindaji wanaliita ndevu.

Mbinu yenyewe inakwenda kinyume na maumbile. Kwa kawaida dume anapiga kelele asubuhi akiwa bado mtini, majike wanamfuata. Mwindaji anageuza mchezo: anakaa chini, anaigiza sauti ya jike, na anataka dume ndiye aje. Kuna kisanduku cha mbao chenye kifuniko cha kusugua, kuna kigae cha jiwe kinachokwaruzwa kwa kijiti, na kuna kipande chembamba cha mpira kinachobanwa kwenye kaakaa na kupulizwa. Mwanzoni mwa msimu, mbinu hii inaweza kufanya kazi haraka. Dume anaitika, anakuja, anatanua mkia na kuburuta mbawa.

Ngoja sasa ifike Mei, mwishoni mwa msimu kwenye majimbo mengi. Mambo yote yanabadilika.

La kwanza, waliobaki ni wale waliojifunza. Wamesikia visanduku vya kila aina kwa wiki nzima nzima, wameona wenzao wanaitika na hawarudi. Sisi tunaosomea ualimu tunalijua hili: mwanafunzi aliyechekwa siku aliyonyoosha mkono, hanyooshi tena. Si kwamba hajui jibu, ila amejifunza kwamba kujibu kuna gharama. Dume wa Mei ni hivyohivyo. Anasikia, anaelewa, ananyamaza. Akija, anakuja kimyakimya, na pengine anatokea nyuma yako.

La pili, majani. Mwezi wa nne unaona mbali kati ya miti mitupu. Mei msitu umefunga, sauti haifiki mbali, na ndege anaweza kuwa mita 30 usimwone. Ongeza mbu. Ongeza kupe, ambao baadhi yao hueneza ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo mwindaji akirudi nyumbani anajikagua mwili mzima.

La tatu ndilo linalompa mwindaji matumaini. Jike anapokuwa bado anataga, anakwenda kwenye kiota kwa muda, kisha anarudi kwa dume. Akianza kuatamia, anakaa karibu siku nzima, anatoka kidogo tu kula. Dume aliyekuwa amezungukwa na majike sasa anajikuta peke yake, na bado ana hamu. Kwa hiyo mwisho wa msimu saa nzuri inaweza isiwe alfajiri. Inaweza kuwa saa tatu mpaka saa tano asubuhi, wakati mwindaji asiye na subira ameshaenda kunywa chai. Anayejua kazi anaita kwa sauti ndogo, mara moja moja, kisha anakaa kimya nusu saa au zaidi. Anachagua mahali ambapo ndege anapenda kupita, mfano pembeni mwa uwanja wa majani au kwenye njia ya zamani ya magogo. Kelele nyingi hazimsaidii. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu anainama kweli.

Sheria nayo inaifahamu kalenda hii. Angalia Pennsylvania: sehemu ya kwanza ya msimu wa machipuko, uwindaji unaishia saa sita mchana. Sehemu ya mwisho ya Mei, unaruhusiwa mpaka jioni. Kwa nini? Mwanzoni majike wengi bado wanataga na wanazungukazunguka, hivyo ukiwasumbua mchana kutwa unaweza kuharibu viota. Baadaye wengi wameshatulia kwenye mayai, na wawindaji wenyewe wamepungua. Sheria inalegea pale madhara yanapopungua. Kwa maneno mengine, mwisho wa msimu ndege mmoja anamgharimu mwindaji jasho zaidi, lakini anaugharimu msitu kidogo zaidi.

Tusisahau usalama, maana hapa watu wanaumia kweli. Wawindaji wawili waliojificha, wote wanaigiza sauti ya ndege, na msitu umefunga: hesabu hiyo ni ya hatari. Kwa hiyo mafunzo yanasisitiza mambo machache. Usivae chochote chekundu, cheupe au cha bluu, hata soksi au leso, kwa sababu hizo ndizo rangi za kichwa cha dume. Egemea mti mpana kuliko mabega yako. Usiinyemelee sauti ya ndege, maana inaweza kuwa ya mtu. Ukimwona mwindaji mwenzako, usimpungie mkono, ongea kwa sauti ya kawaida ya binadamu. Na usipige risasi mpaka umeona ndege mzima na kumtambua. Bunduki inayotumika zaidi ni shotigani, ya kurusha punje nyingi ndogondogo, na analengwa kichwani na shingoni, akiwa karibu, ili afe papo hapo.

Haya yote yasingekuwepo kama watu wasingeshtuka mapema. Mwanzoni mwa karne ya 20, bata mzinga wa porini alikuwa ametoweka kwenye majimbo mengi. Misitu ilikatwa, na ndege waliwindwa mwaka mzima kupelekwa sokoni, bila kuuliza "lini". Mwaka 1937 ikapitishwa Sheria ya Pittman-Robertson, inayopeleka kodi ya asilimia 11 ya bunduki ndefu na risasi kwenye uhifadhi wa wanyamapori. Walijaribu kwanza kuachia porini ndege waliolelewa bandani, ikashindikana, kwa sababu ndege wa bandani hajui kuishi. Kilichofanya kazi, kuanzia miaka ya 1950, ni kuwakamata wa porini kwa nyavu zinazorushwa na baruti na kuwahamishia kwenye misitu mitupu. Leo wako katika majimbo yote isipokuwa Alaska, na idadi yao inahesabiwa kwa mamilioni.

Lakini hadithi haijaishia kwenye raha. Katika majimbo ya kusini mashariki idadi imeanza kushuka tena, na mjadala mkubwa ni uleule wa "lini". Baadhi ya wataalamu wanasema misimu ilikuwa inafunguliwa mapema mno, madume wakubwa wanauawa kabla majike wengi hawajapandwa. Wengine wanasema tatizo kubwa ni makazi yaliyoharibika, wanyama wanaokula mayai, na mvua zinazoua vifaranga. Majimbo hayakusubiri wote wakubaliane. Georgia ilisogeza mbele ufunguzi mwaka 2022 na kupunguza idadi ya ndege kwa mwindaji kutoka 3 hadi 2. Tennessee ikafanya hivyo mwaka 2023, ikachelewesha msimu kwa wiki mbili. Wawindaji wapo walionung'unika, maana wiki hizo mbili za mwanzo ndizo tamu: ndege wanaitika na mbu hakuna. Walichoambiwa, kwa lugha rahisi, ni kwamba mwisho wa msimu uje uwe msimu wenyewe.

Unaweza kuuliza, hilo linatuhusu nini? Kumbuka mwaka 2024, Tanzania iliposimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Manung'uniko yalikuwa mengi, na yalikuwa ya haki, kwa sababu mvuvi wa Kigoma haendi ziwani kujiburudisha, anakwenda kutafuta ada na unga. Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo: mwindaji wa Tennessee akicheleweshwa wiki mbili anakosa starehe, mvuvi akifungiwa miezi mitatu anakosa mlo. Lakini hoja ya msingi ni moja. Samaki au ndege akiachwa amalize kazi yake ya kuzaa kwanza, kuna kitu cha kuvuna mwakani.

Kwa hiyo siku mkikaa kwenye mdahalo wa mazingira, na mtu akasimama kusema uwindaji wote ufutwe kama Kenya ilivyofanya mwaka 1977, au mwingine akasema uruhusiwe tu kwa leseni kama ilivyo kwetu, waulizeni wote wawili swali moja la ziada. Huyo mnyama anazaa lini, na sheria yenu inalijua hilo?