King'ora cha Joto na Mashine ya Boti Inayopoteza Nguvu

Soma tukio hili kama utakavyolisoma kwenye chumba cha mtihani. Boti inatoka Nyamisati kwenda Kilindoni, Mafia. Katikati ya safari, mashine iliyopachikwa nyuma inatoa mlio mrefu usiokatika. Mara kasi inashuka yenyewe, na hata nahodha akiongeza mafuta, mwendo ni uleule. Eleza kilichotokea.

Wanafunzi wengi huandika kasoro mbili: joto, kisha mafuta. Hapo ndipo alama zinapopotea. Kasoro ni moja. Mashine nyingi za kisasa zina kihisi karibu na silinda. Joto likizidi, kihisi husababisha king'ora kulia na mizunguko ya injini kupunguzwa makusudi, kwani mafuta machache yakiungua, joto linalozalishwa nalo hupungua. Nguvu zimepotea kwa sababu mashine inajilinda.

Sasa tafuta chanzo. Gari hupozwa na maji ya rejeta. Mashine hii hunywa maji ya bahari. Huingia kwa matundu yaliyo chini, karibu na panga. Pampu yenye kigurudumu cha mpira huyapandisha hadi kwenye silinda, yanapokea joto, kisha yanarudi baharini. Kilo 1 ya maji huhitaji takribani jouli 4,200 ili ipande nyuzijoto 1. Tuseme kilo 10 hupita kila dakika, zikiingia na nyuzi 28 na kutoka na nyuzi 48:

10 × 4,200 × 20 = jouli 840,000 kwa dakika.

Maji yakipungua hadi kilo 5 na injini ikaendelea kuyapa joto lilelile, yatapanda nyuzi 40, yaani yatatoka na nyuzi 68. Onyesha hesabu hii katika jibu lako, usiishie kuandika "maji yamepungua".

Dalili ya kwanza kutazama ni uzi wa maji unaorushwa ubavuni mwa mashine. Ukikatika, zima injini kabisa, iinue, kisha kagua matundu ya chini: mfuko wa plastiki au mwani huyaziba. Niliwahi kuwa abiria nahodha alipopuuza king'ora. Pistoni ilikwama, tukaelea hadi jioni. Kilichokuwa kimeziba ni mfuko mmoja tu.

Matundu yakiwa safi lakini uzi ni dhaifu, shuku mapezi ya mpira ya pampu. Mchanga huyala, na kuwasha mashine nchi kavu bila maji huyaharibu upesi sana. Uzi ukiwa na nguvu na king'ora bado kinalia, fikiria themostati iliyokwama ikiwa imefunga, au chumvi iliyoganda kwenye njia za ndani. Ndiyo maana mashine husafishwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi baada ya safari. Themostati hupimwa kirahisi: iweke kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, pasha moto, andika nyuzi inapofunguka, kisha linganisha na kitabu cha mashine.

Zoezi
(a) Tundu la kutolea uzi wa maji limezibwa na mchanga, lakini king'ora hakilii. Kwa nini?
(b) Katika hesabu ya hapo juu, maji yatatoka na nyuzi ngapi yakipungua hadi kilo 8 kwa dakika?