Kujitegemea si Kubahatisha

Siku hizi si ajabu kuwaona vijana wa Tandale wakipokea baiskeli mpya ndani ya boksi, iliyoagizwa kwa simu. Kuiunga mwenyewe ni jambo jema, lakini kujitegemea si kubahatisha.

Tunawakumbusha wananchi jambo ambalo sisi wenyewe tulilijua baada ya hasara. Pedeli mbili hazifanani. Ya kulia hukazwa kwa kuzungushwa kulia. Ya kushoto hukazwa kwa kuzungushwa kushoto, ili isijifungue wakati wa kukanyaga. Kwa kawaida huandikwa R ya kulia na L ya kushoto. Sisi tuliilazimisha kwa spana, tukaharibu hesi za mkono wa pedeli. Basi ianzwe kwa vidole. Ikikataa, ikaguliwe kwanza.

Aidha, usukani na nati za magurudumu zikazwe barabara, na breki zijaribiwe uani kabla ya kuingia Barabara ya Morogoro. Mwenye shaka amwite fundi wa mtaani. Hiyo si aibu. Baiskeli iliyoungwa vibaya haimdhuru mwenyewe tu, bali hata mtoto apitaye njia. Breki ni amana ya watu wote.