Picha za Familia Ziwani (Sehemu ya Pili): Dakika 25 za Jua la Jioni

Jumapili jioni jijini Mwanza, ufukwe ulio karibu na kivuko cha Kamanga hujaa familia zilizotoka kanisani au harusini, bado zimevaa nguo za kutokea. Nyuma yao limesimama Jiwe la Bismarck, mawe ya graniti yaliyobebana juu ya maji, lililopewa jina la Kansela wa Ujerumani enzi za utawala wa Wajerumani. Simu zinatolewa. Mtu anahesabu moja, mbili, tatu, na wote wanakaza shingo. Picha ikija kutazamwa nyumbani, ziwa linametameta, mawingu yametoka vizuri, ila baba, mama na watoto wamekuwa vivuli vyeusi visivyo na macho.

Wiki iliyopita makala haya yalieleza jinsi ya kuchagua mahali pa kupigia picha kati ya vilima na ufukwe. Leo zamu ni ya mwanga, kwa sababu mahali pazuri penye mwanga mbaya huharibu picha nzima.

Chanzo cha nyuso kuwa nyeusi tii kimo kwenye ramani. Mji wa Mwanza uko upande wa mashariki wa ghuba, kwa hiyo jioni jua huzama ng'ambo ya maji, upande wa Sengerema. Familia ikilipa ziwa mgongo, imelipa jua mgongo. Kamera nayo hupima mwanga wa eneo lote na kutafuta wastani wa kijivu. Ikikuta maji yanawaka, hupunguza mwanga wa picha yote, na ngozi nyeusi ndiyo ya kwanza kuzama gizani.

Tiba yake ni nyepesi. Kwenye simu nyingi, mpiga picha huigusa sura ya mtu kwenye kioo, kisha hupandisha alama ya jua inayojitokeza hadi paji la uso na mboni za macho zionekane. Anga inaweza kufifia kidogo, na ififie tu, kwani aliyekuja kupigwa picha ni bibi. Njia ya pili ni kuigeuza familia ubavu, jua liwapige shavuni, na ziwa libaki pembeni ya picha badala ya kuwa nyuma kabisa.

Tatizo hili lina historia yake. Kwa miongo kadhaa, maabara za kusafishia picha za Amerika Kaskazini zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyokuja kuitwa kadi ya Shirley. Rangi ya ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, alieleza katika utafiti wake wa mwaka 2009 kwamba miongoni mwa waliolalamika kwa kampuni ya filamu ya Kodak walikuwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, ambao rangi za kahawia za bidhaa zao hazikuwa zikitofautiana vizuri kwenye picha. Albamu nyingi za zamani, ambamo mjomba anaonekana meno na kola ya shati tu, zilitokana kwa sehemu na filamu zilizotengenezwa bila kumfikiria.

Baada ya kamera, linakuja suala la saa.

Mwanga mzuri wa jioni una rangi ya asali kwa sababu jua likiwa chini, miale yake hupita katika hewa nyingi zaidi. Rangi ya bluu hutawanyika njiani, na inayofika usoni ni nyekundu na manjano. Kivuli chini ya pua na nyusi nacho hulainika. Lakini Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na hapo jua hushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Kutoka kimo cha nyuzi 6 hadi kuzama ni dakika 25 hivi. Kwenye maziwa na vilima vya kaskazini mwa Uingereza, karibu na Windermere, mwezi Juni jua huteremka kwa mshazari, na safari hiyohiyo huchukua karibu saa nzima. Mwongozo wa kupiga picha ulioandikwa kule humhakikishia msomaji muda ambao wa Mwanza hana.

Kuna faida moja, nayo ni kwamba saa zetu hazibadiliki sana. Mwaka mzima, jua la Mwanza huzama kati ya saa 12:30 jioni na saa 1:15 usiku. Familia ikifika ufukweni saa 11:30, watoto wamekwisha kula, wamekwisha kwenda haja na wameshazoea mawe, itakuwa tayari mwanga ukikomaa. Ikifika saa 12:30, itaanza kugombana na giza.

Asubuhi mambo hugeuka. Jua huchomoza nyuma ya vilima, na ufukwe hukaa kivulini kwa muda baada ya mji wa juu kupata mwanga. Kivuli hicho ni mali. Hakuna anayekunja uso, na maji hurudisha mwanga laini chini ya kidevu. Siku ya mawingu ni vivyo hivyo. Wingu zima huwa pazia moja kubwa la mwanga. Saa sita mchana ya jua kali ndiyo ya kuogopa, ila hata hapo ubavu wa jabali kubwa hutoa kivuli cha kutosha watu wanne.

Mwanga ukishapatikana, kinachobaki ni kuwaacha watu wawe watu. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, aliwapiga wengi uani kwa mwanga wa jua, kitambaa kikiwa kimetundikwa nyuma yao. Filamu ilikuwa ghali, hivyo mara nyingi kila mteja alipata picha moja tu. Ilimpasa aangalie kwa makini kabla ya kubonyeza: mkono umelala wapi, shingo imeinama vipi. Mwenye simu anaweza kupiga mia, na ndiyo sababu wengi hawaangalii hata moja.

Ufukweni, uangalifu huo unamtaka mpiga picha aipe mikono kazi. Bibi akikaa juu ya jiwe na kuombwa amfunge mjukuu kanga upya, vidole vyake vitakaza fundo, mtoto atainua kidevu kumpisha, na kwa sekunde mbili hakuna anayeikumbuka kamera. Ncha ya kanga imebanwa kwa meno, jua limeangukia mikunjo ya mkono. Hapo ndipo pa kubonyeza. Neno "cheka!" halijawahi kuleta uso kama huo.

Tahadhari moja haina mjadala. Maji ya kina kifupi penye majani kando ya Ziwa Victoria yanaweza kuwa na konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hupenya ngozi bila mtu kuhisi. Picha ya watoto wakirusha maji kwa miguu inavutia, lakini ipigwe mahali pengine. Mawe yenye ukoga wa majini huteleza, na kwenye mtumbwi kila mmoja avae jaketi okozi, hata kama linaficha gauni.

Wiki ijayo makala yataeleza namna ya kusafisha picha hizo kwenye karatasi na kuzitunza. Kabla ya hapo, msomaji anaombwa aende jioni moja pale anapotaka kuipigia familia yake, peke yake, bila kamera, na aandike saa ambayo mwanga unagusa jiwe na saa unapoliacha.