Sonona na Mwenendo wa Fikra

Katika Kiswahili, mtu aliyelemewa na huzuni husemwa kuwa "ana mawazo". Usemi huo unaelekeza jicho mahali ambapo sayansi ya saikolojia ilichelewa kupatazama. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 wataalamu wengi waliyachukua mawazo ya mgonjwa wa sonona kuwa ni moshi tu, wakautafuta moto kwingineko. Leo, mojawapo ya tiba zilizochunguzwa sana duniani huanzia katika mawazo yenyewe: jinsi yanavyozuka, makosa yaliyomo ndani yake, na namna yanavyoweza kupimwa.

Yafaa kwanza kutofautisha huzuni na sonona. Aliyefiwa hulia, na kadiri siku zinavyopita hupata nafuu. Sonona ni ugonjwa. Mgonjwa hukaa katika majonzi, au hupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, karibu kila siku kwa muda wa majuma mawili au zaidi. Aidha, huweza kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kutotamani chakula, kuchoka bila ya kazi, kushindwa kuyazingatia masomo, kujiona hana thamani, na hata kutamani kufa.

NDOTO ZILIZOPINGA NADHARIA

Mwasisi wa tiba ya fikra ni Aaron Beck (1921-2021), daktari wa magonjwa ya akili katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Beck alifunzwa katika mapokeo ya Sigmund Freud, yaliyoeleza kuwa sonona ni hasira ambayo mgonjwa ameielekeza kwa nafsi yake mwenyewe. Ili kuithibitisha nadharia hiyo, alizichunguza ndoto za wagonjwa wake. Alitazamia kukuta hasira. Alichokikuta ni kushindwa, kupoteza na kukataliwa. Naye, kama impasavyo mwanasayansi, aliufuata ushahidi na kuiacha nadharia.

Alipowasikiliza wagonjwa kwa makini, alibaini kuwa akilini mwao hupita fikra fupi, za haraka, zinazozuka zenyewe, nao huziamini bila ya kuzihoji. Fikra hizo huhusu mambo matatu: nafsi ya mgonjwa, ulimwengu unaomzunguka, na wakati ujao.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyepata alama 38 katika mtihani wa hisabati. Huzuni yake ni ya haki. Lakini akiwa na sonona atajiambia: "Mimi ni mjinga, walimu wananidharau, sitafaulu kamwe." Hapo mna makosa kadhaa ya kufikiri. Ametoa hukumu ya maisha yote kutokana na mtihani mmoja. Amezisahau alama 70 alizopata katika somo la Kiswahili. Amedai kuijua mioyo ya walimu bila ya kuwa na ushahidi.

Hatimaye makosa hayo hujizungushia duara. Anayeamini kuwa hawezi huacha kusoma na hujitenga na wenzake. Alama zake hushuka tena. Na kushuka huko hukigeuza kile alichokidhania kuwa kama jambo lililothibitishwa.

FIKRA KAMA NADHARIA TETE

Tiba hukusudia kulikata duara hilo. Mtibabu hamhimizi mgonjwa "awaze mazuri", wala hakani kwamba alama 38 ni chache. Humfundisha kuitazama kila fikra kama nadharia tete, yaani dhana inayosubiri kupimwa. Mgonjwa huandika tukio, fikra iliyozuka, na hisia iliyofuata. Kisha hupanga ushahidi wa pande zote mbili. Hupewa pia majaribio ya kufanya. Mwanafunzi wetu huweza kuagizwa amwendee mwalimu mmoja na kumwomba msaada, aone kama kweli atadharauliwa. Kadhalika hupanga ratiba ya kazi ndogo ndogo za kila siku, kwani kutenda hurudisha hamu ya kutenda.

Mnamo mwaka 1977 Beck na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la wagonjwa 41. Waliopewa tiba ya fikra walipata nafuu kuliko waliopewa imipramini, dawa iliyotumika sana wakati huo. Majaribio makubwa yaliyofuata yaliirekebisha picha hiyo: kwa jumla tiba hii na dawa hukaribiana kwa nguvu, ila waliomaliza tiba ya fikra hurudiwa na ugonjwa mara chache kuliko walioacha kumeza dawa. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake huko Marekani walionyesha kuwa sehemu ya kutenda peke yake ilifaa sawa na tiba nzima. Kwa hiyo swali la ni kipi hasa kinachoponya bado halijafungwa. Wala fikra si chanzo pekee: urithi, umaskini, maradhi ya mwili na misiba huchangia.

BENCHI LA HARARE

Barani Afrika, madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache mno. Nchini Zimbabwe, Dakta Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango ambao wanawake wazee, wahudumu wa afya wa mitaa, huwasikiliza wagonjwa wakiwa wameketi kwenye benchi katika viwanja vya zahanati. Lugha ya Kishona huita hali hiyo *kufungisisa*, yaani kufikiri kupita kiasi. Hapo Mshona na Mswahili wamekutana. Wazee hao hutumia njia iliyo jirani na tiba ya fikra: humsaidia mgonjwa kulichagua tatizo moja na kulitafutia ufumbuzi hatua kwa hatua. Jaribio la watu 573, lililochapishwa mwaka 2016, lilionyesha kuwa baada ya miezi sita waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili chache kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Shuleni, mwanafunzi mwenye sonona huweza kudhaniwa mvivu au mkaidi. Kumwambia "jikaze" humwongezea shahidi mwingine dhidi ya nafsi yake. Mwalimu aonaye dalili hizi zikidumu amwite mwanafunzi faraghani, amsikilize bila ya kumhukumu, na kumfikisha kwenye kituo cha afya. Na mwanafunzi akitamka kuwa anataka kufa, asichukuliwe kuwa anatania: asiachwe peke yake, na msaada utafutwe siku hiyo hiyo.