Usipike Ndengu Zote, Nyingine Ziache Zichipuke

Je, msomaji mpendwa, wajua kwamba kikombe cha ndengu, kitambaa safi na maji vinatosha kukupa mboga kwa siku tatu tu, hata kama unaishi ghorofani na huna shamba?

Huenda ndengu zako zimetoka Ishiara, soko lililo katika nyanda kame za Mbeere, Kaunti ya Embu. Huko, mvua ikikatika mapema mahindi hunyauka, lakini ndengu, kunde na mbaazi huvumilia. Wenyeji huchuma pia majani machanga ya kunde yakawa mboga kabla ya mbegu kukomaa. Sisi wa mjini hungoja mbegu kavu tu, tukazipika mchuzi wa kulia chapati.

Mchuzi huo una faida kubwa. Gramu 100 za ndengu kavu zina protini gramu 24 hivi, zaidi ya mara tatu ya mchele. Zina madini ya chuma yanayojenga damu, na foleti ambayo mama mjamzito huihitaji sana. Hata hivyo, vitamini C ni kidogo mno, na sehemu kubwa ya chuma hicho imefungwa na kemikali iitwayo faiteti, hivyo mwili hupata kidogo.

Hapo ndipo kuchipua kunapofaa. Mbegu inapoamka huanza kutengeneza vitamini C, na vimeng'enya vyake huvunja sehemu ya faiteti. Gramu 100 za machipukizi mabichi zina vitamini C miligramu 13 hivi, ilhali ndengu kavu za uzito huo zina 5 hivi. Lakini usidanganyike: machipukizi ni maji asilimia 90, na protini yake ni gramu 3 tu. Hayo ni mboga, hayachukui nafasi ya mchuzi. Mtoto anahitaji vyote viwili.

Fanya hivi. Chagua ndengu nzima za chakula, zisizotobolewa na wadudu. Usitumie mbegu za kupanda kutoka maduka ya kilimo, kwani aghalabu hupakwa dawa. Zioshe, ziloweke usiku kucha, kisha zichuje na kuzifunika kwa kitambaa kibichi. Zisuuze kwa maji safi mara mbili au tatu kwa siku. Siku ya tatu mikia itakuwa imetokeza. Ukitaka majani, zitandaze juu ya udongo penye mwanga. Baada ya wiki moja hivi utakata miche michanga ya kijani.

Sasa onyo. Joto na unyevu unaoziamsha mbegu huzalisha pia viini vya maradhi. Mwaka 2011 nchini Ujerumani, machipukizi ya uwatu yalisababisha maradhi yaliyowaua watu zaidi ya 50. Kwa hiyo yapike hadi yapate moto barabara, hasa ya watoto, wazee na waja wazito. Kaanga kwa kitunguu na nyanya, bila kumwaga maji yake, kisha kamulia ndimu ili kurudisha vitamini C iliyopotea motoni. Yakinuka au kuteleza, yatupe.

Na chai je? Isubiri saa moja baada ya mlo, kwani huzuia mwili kupata chuma.

Jioni hii, basi, unapochagua ndengu za kupika, teka kikombe kimoja ukiloweke kando.