Nati ya Flanji ya Propela: Mambo ya Kumuuliza Fundi

Mwenye Land Rover au Land Cruiser mara nyingi huipeleka gereji kwa sababu ya mafuta yanayovuja pale propela inapoungana na difu. Hubadilishiwa oili sili, hulipa, huondoka. Baada ya muda difu huanza kuvuma, naye huambiwa kwamba beringi zimekwisha. Tunaona inafaa mlaji aelewe kilichoweza kutokea hapo katikati, kwa kuwa gharama ya beringi huipita mbali ile ya sili.

Propela hufungwa kwa bolti kwenye kisahani cha chuma kiitwacho flanji. Flanji nayo huvikwa kwenye meno ya shina la pinioni na kubanwa kwa nati moja kubwa ya katikati. Sili haibadilishwi bila kuifungua nati hiyo. Lakini nati hiyo haishikilii flanji tu. Ndiyo pia inayozibana beringi mbili za pinioni kwa kiasi maalumu. Katika difu nyingi, baina ya beringi hizo kuna bushi nyembamba iliyokusudiwa kujikunja kidogo nati inapokazwa, na ikishajikunja hairudi ilivyokuwa. Fundi akikaza kupita kiasi, beringi hubanwa mno na kuchemka. Akiilegeza nati ili kusahihisha kosa, bushi haimfuati, na mkazo uliotakiwa haupatikani tena. Dawa yake ni bushi mpya. Zipo difu zinazotumia washa za kipimo mahali pa bushi, nazo hustahimili zaidi. Kwa hiyo fundi anapaswa kuijua difu iliyo mbele yake kabla ya kushika spana.

Mashine ya upepo yafaa kufungulia nati hii. Kuikazia, haifai kabisa: inahitajika spana ya kupimia nguvu na kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Nati iliyogongwa ukingo ili isizunguke, au yenye pete ya plastiki ndani, ibadilishwe kila inapofunguliwa. Ile ya umbo la taji yaweza kurudishwa ikiwa nyuzi zake ni nzima, mradi pini yake iwe mpya. Msumari si pini.

Nati iliyolegea huiacha flanji icheze, ile meno, na mwishowe propela iweze kuachia. Katika Land Rover Defender za muundo wa zamani hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu breki ya mkono hukamata shafti inayotoka kwenye transifa kwenda nyuma, wala haikamati magurudumu. Propela ya nyuma ikikatika, breki hiyo si ya kutegemewa mlimani.

Mlaji aweza kujikagulia. Gari likiwa mahali tambarare, injini imezimwa na magurudumu yamewekewa vigingi pande zote mbili, shika flanji ya difu kwa mkono. Ikizunguka kidogo, usishtuke; hiyo ni nafasi ya kawaida baina ya meno ya difu. Ikipanda na kushuka, au ikiingia na kutoka, usiendelee na safari.

Unapochukua gari gereji, dai urudishiwe nati kuukuu, na bushi kama ilibadilishwa. Risiti itaje kila kifaa kipya kwa jina lake. Neno “matengenezo” peke yake halitakusaidia utakaporudi kulalamika.